Miaka saba na wikiendi moja: daftari langu la kubeti

Mimi ni fundi cherehani, nipo Masasi mjini, nimeanza kushona 1991 na kubeti nimeanza kabla hata sijajua kushika mkasi. Vijana wanaokaa kwenye benchi langu wananiuliza, fundi wewe unabeti miaka yote hiyo mbona hujafilisika, na wengine wananiuliza mbona hujatajirika, na majibu ya maswali yote mawili yako kwenye daftari langu la vipimo. Mbele naandika bega, kifua, kiuno na urefu wa mkono wa wateja, nyuma naandika mikeka, yaani tiketi zangu za kubeti mechi. Nitaeleza lilivyoanza hilo daftari maana halikuanza kwa hekima, lilianza kwa aibu.

Utotoni tulicheza korosho. Mtu wa kusini hapa ataelewa, unapanga korosho mstari mchangani, unarudi hatua kadhaa nyuma, unarusha moja kubwa uliyoichagua vizuri, zile utakazozigonga zikatoka ni zako. Msimu wa korosho mfuko wa kaptula ulikuwa mzito kweli, na ukiliwa zote unarudi kwenu kuomba kwa bibi, bibi hana habari anadhani unataka kuchoma ule. Baadae nikawa nakaa nyuma ya mjomba wangu wakicheza karata za arubastini chini ya mwembe, dau ni sigara moja moja, na sheria yake mjomba ilikuwa sigara za kuchezea anaziweka chini ya goti na za kuvuta anaziweka mfukoni. Zikiisha za chini ya goti anainuka. Nilimuona akiinuka mara nyingi sana wenzake wakimwita rudi wewe, wala harudi. Nilidhani ni uoga.

Pata potea ndio ilinitoa damu mara ya kwanza. Nilikuwa kama na miaka 15, mama kanituma gulioni nikanunue mafuta ya taa, nikakuta watu wamejaa, jamaa ana karata tatu anazizungusha juu ya boksi, na mtu mbele yangu anashinda, anashinda tena, nikaona na mimi naiona ile karata waziwazi kabisa. Hela ya mafuta ya taa ikaenda yote. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yule aliyekuwa anashinda na wale waliokuwa wanashangilia wote walikuwa wa kwake mwenye karata, mchezaji wa kweli pale alikuwa mimi peke yangu. Usiku ule tulikula gizani. Mama hakunipiga, alisema tu "hela ya kamari haiingii kwenye chungu changu, ikishinda wala ikishindwa", na mpaka anafariki hakuwahi kupokea hata sukari niliyonunua kwa hela ya mkeka, ananiuliza kwanza hii umeshona au umeshinda.

Halafu ikaja miaka ya kuwekeana na watu. 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, kule ugenini walitoka 0-0, nchi nzima ikajua kombe limekuja, mimi nikawekeana na jirani yangu mtu wa Yanga, Simba ikichukua ananipa beberu, ikikosa namshonea kaunda suti kwa kitambaa changu. Tukafungwa 2-0 Dar. Ile kaunda suti niliishona siku nne, nikaipiga pasi, nikampelekea mwenyewe kwake, na jirani akaivaa miaka mingi tu kwenye harusi na misiba kila mtu akijua ilikotoka. Nalitaja hili kwa sababu dau la aina ile lilikuwa na uso wa mtu, unamjua unayemdai na unayedaiwa naye, na likishaisha limeisha, huwezi kumgongea jirani saa sita usiku ukamwambia tuwekeane tena mara mbili.

Simu ndio ilibadilisha kila kitu. Mikeka ilivyofika huku kwetu nilikuwa na ufundi wa miaka zaidi ya 20 na familia, nikaona ni mchezo mzuri tu, unaweka 1,000, unachagua timu kumi, Jumamosi yote inakuwa na ladha. Na naomba nieleweke hapa, ladha ipo, sitasema uongo. Mechi ya timu mbili ambazo hata hazikuhusu unaifuatilia kama ndugu yako anacheza. Nilibeti hivyo miaka kadhaa bila kuandika popote, na ungeniuliza ningekwambia niko sawa sawa, nikipoteza kidogo napata kidogo. Kila anayebeti anasema hivyo maana ushindi anaukumbuka mmoja mmoja na vipigo anavikumbuka kwa jumla.

Desemba ya 2017 mkeka wangu wa 1,000 ukatiki, nikala 186,000. Msimu ule Masasi hela ilikuwepo, kilo ya korosho ghafi mnadani ilikuwa imevuka 3,000, watu wanajenga, wanaoa, pikipiki mpya kila kona, na mafundi tulikuwa na kazi mpaka tunakataa. Kwa hiyo sikuwa na shida ya hela hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakidhani mtu anaharibikiwa kwa sababu ya njaa. Mimi niliharibikiwa na ushindi. Dau la 1,000 likaanza kuonekana la kitoto, nikapanda 5,000, nikapanda 10,000, wiki tatu ile 186,000 ikarudi yote ilikotoka na mimi moyoni nikawa nahesabu kwamba nadai. Yaani nilijiona naidai kampuni ya kubeti. Hakuna mtu aliyenikopa lakini nilikuwa natembea kama mtu mwenye deni lake nje.

Januari ni msimu wa sare za shule. Ada ya shule za serikali mpaka kidato cha nne ilishafutwa kuanzia 2016 lakini sare ni ya mzazi, kwa hiyo wazazi wanakuja na hela za korosho, wananipa hela yote, kitambaa na ufundi, ili nikanunue kitambaa kwa jora inatoka nafuu. Nilikuwa na sare 12, kila moja 22,000, jumla 264,000, ziko kwenye droo ya meza chini ya chaki na tepu. Mama mmoja wa vijijini alinipa za watoto wawili, alizifungua kwenye pindo la kanga, zimekunjwa ndogo ndogo, akanihesabia mbili mbili, akarudia kuhesabu, akasema "fundi nakuamini, Jumatatu nakuja". Nilimwandikia jina na vipimo vya watoto. Mkubwa alikuwa darasa la tatu.

Jumamosi tarehe 13 Januari 2018 nikachukua 40,000 kwenye ile droo. Nilijiambia nakopa mpaka jioni. Nikaenda kwa wakala kibanda cha tatu kutoka kwangu nikaweka kwenye simu, nikabeti Chelsea nyumbani na Leicester, Real Madrid nyumbani na Villarreal, na Tottenham na Everton. Timu tatu tu, nyumbani kwao zote. Chelsea 0-0, na Leicester walimaliza wako pungufu. Madrid nao wakafungwa bao la dakika za mwisho kabisa, 1-0, pale pale kwao. Tottenham wakashinda 4-0 na haikunisaidia kitu.

Usiku sikulala, nikawa nahesabu. Jumapili nikachukua 90,000 nikampa Arsenal peke yake kwa Bournemouth, saa kumi na nusu jioni, na nilikuwa na sababu zangu nzuri sana, Bournemouth walikuwa hawajawahi kuifunga Arsenal hata siku moja. Arsenal wakatangulia. Nakumbuka nilishika meza. Halafu ndani ya dakika tano Bournemouth wakapiga mbili, 2-1, basi.

Ikabaki 134,000. Saa moja usiku Liverpool na Man City, City wamecheza mechi 22 za ligi hawajafungwa hata moja, odds ya City kushinda, ile namba inayozidisha dau lako ukishinda, ilikuwa karibu na mbili, yaani ikiingia zote zinarudi, sare zinashonwa, hakuna anayejua. Wakala aliponiona mara ya tatu aliniuliza "fundi leo unanunua nini?" nikamwambia vitambaa. Hilo neno naliona mpaka leo. Sikuwahi kumdanganya mtu kuhusu kubeti kabla ya siku ile, na nafikiri mtu akitaka kujua amevuka wapi aangalie ni lini amedanganya mara ya kwanza.

Mechi niliiangalia kibanda umiza, kile kibanda cha kulipia kuangalia mpira. Liverpool wakatangulia, City wakarudisha, mapumziko 1-1. Kipindi cha pili Liverpool wakapiga tatu mfululizo ikawa 4-1, watu wanaruka, viti vinaanguka, mimi nimekaa nimeshika simu kwa mikono miwili. Halafu City wakapata ya pili, wakapata ya tatu, 4-3, dakika za nyongeza, na mimi nikasimama nikaamini. Nilikuwa nahitaji mabao mawili ndani ya dakika mbili na niliamini kabisa. Kubeti kuna mambo mengi lakini hicho ndicho kibaya kuliko vyote, yule mtu niliyekuwa dakika zile mbili, mwenye watoto, mwenye akili zake, anayemuomba Mungu mabao mawili.

Jumatatu saa mbili asubuhi mama wa pindo la kanga alikuwa ameshakaa kwenye benchi na mwanae. Mtoto kavaa sare ya mwaka juzi, mikono ya shati imeishia katikati ya kiwiko na kifundo. Nikamwambia mama kitambaa hakijafika kutoka Mtwara. Akasema haya, tutasubiri, na wakasubiri kweli, alidhani kinafika siku ile ile, wakakaa pale mpaka adhuhuri kwa sababu nauli ya kurudi na kuja tena hana. Mimi nakanyaga cherehani nashona vipande visivyo na kazi ili nisionekane nimekaa.

Adhuhuri nilimwendea mke wangu nikamwambia. Yeye yuko kwenye kikoba na hela ilikuwepo, nilijua ipo. Alininyamazia muda mrefu halafu akasema "za kikoba ni za wanawake wenzangu baba watoto, siwezi kufanya ulichofanya wewe." Hakupiga kelele. Akaniambia uza mashine. Nilikuwa na ovaloki, ndio mashine inayomaliza kingo za nguo zisifumuke, fundi asiye na ovaloki ni nusu fundi. Nikaiuza jioni ile ile kwa 250,000, nikanunua vitambaa, tukashona usiku na mchana yeye akitia vifungo na kupiga pasi, Alhamisi sare zote 12 zikatoka. Hakuna mzazi aliyepoteza shilingi. Lakini miaka mitatu iliyofuata kila nguo niliyoshona niliibeba nikaipeleka kwa fundi mwenzangu anipigie ovaloki kwa hela, na kila nikimkabidhi nguo nalipia ile Jumapili upya.

Ndio daftari likaanza. Mke wangu hakuniambia niache, alisema kama utaendelea basi andika, na nikiomba nilisome. Nikakumbuka sigara za mjomba za chini ya goti. Kila wiki 2,000 inatoka kwenye hela yangu ya chai, inaingia kwenye simu Ijumaa, ikiisha imeisha mpaka Ijumaa nyingine. Upande wa kushoto naandika iliyotoka, kulia iliyorudi. Niliacha pia kubeti mechi za timu za huku kwetu, Ndanda na baadae Namungo walipopanda ligi kuu 2019, hizo naangalia kwa mapenzi tu, nataka kitu kimoja kwenye mpira kibaki safi.

Nitayaweka hapa kama yalivyo. 2018 kuanzia Februari niliweka 96,000 ikarudi 41,200. 2019 niliweka 104,000 ikarudi 58,700. 2020 niliweka 88,000 ikarudi 37,500. 2021 niliweka 104,000 ikarudi 171,500. 2022 ikarudi 49,900, 2023 ikarudi 63,400, 2024 ikarudi 44,800, yote hiyo dau ni lile lile la 104,000 kwa mwaka. Jumlisha mwenyewe, imetoka 704,000 imerudi 467,000. Miaka saba, nimeliwa 237,000. Ile wikiendi moja niliwapa 264,000.

Nilipoiona hiyo hesabu nilikaa kimya sana. Miaka saba ya kila wiki, mikeka zaidi ya 300, haijafika siku mbili za kurudisha, yaani za kuikimbiza hela niliyokwisha kupoteza. Ndio maana mtu akiniambia kubeti ni kubaya tu au kuzuri tu namwambia tenganisha, kuna kubeti na kuna kurudisha, na kurudisha ni kitu kingine kabisa hata kama vidole ni vile vile na simu ni ile ile.

Mwaka wa 2021 ndio niliouogopa kuliko yote hapo, mwaka niliobaki na faida. Ulikuwa mkeka mmoja tu ulioingia. Nilijiona ule ule wa Desemba 2017 unanijia, dau la 2,000 likaanza kuonekana la kitoto tena. Mke wangu alichukua daftari akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa Januari, ambao nimeandika mstari mmoja tu, 264,000, na kulia hakuna kitu.

2020 ilinifundisha lingine. Machi corona ikasimamisha ligi karibu zote, zikabaki chache kama Belarus, na sisi wabetiji wote tukahamia Belarus, mtu wa Masasi ambaye hajui Belarus iko upande gani anajadili BATE Borisov kama anajadili Simba. Mimi sikujua mchezaji hata mmoja, nilikuwa nachagua kwa odds tu. Sasa nikiangalia daftari miezi ile, asilimia niliyopata ni karibu ile ile ya miezi niliyobeti Uingereza na Hispania ninakojua mpaka nani ana jeraha. Iliniuma. Ujuzi wangu wote wa mpira, redio na magazeti ya miaka 30, kwenye mkeka haukuwa na uzito wowote wa kuonekana.

Baadae kijana mmoja mwalimu wa hisabati alinifafanulia nikaelewa, na naona kila anayebeti angeelewa hivi. Chukua mechi ya nusu kwa nusu kama kurusha shilingi. Odds ya haki ni 2.00 kila upande, wao kampuni wanakupa 1.90. Ukiweka 1,000 huku na 1,000 huku umetoa 2,000 na kwa vyovyote unarudishiwa 1,900. Mia moja imebaki kwao na hata hujakosea. Sasa mkeka wa timu kumi wa 1.30 kila moja, odds inasoma karibu 13.8, inavutia. Lakini timu ya 1.30 tuseme inashinda mara 73 katika 100, zote kumi kushinda kwa pamoja ni kama mara 4 katika 100. Mara 96 unachana. Na hela inayorudi kwa wastani haifiki 600 katika kila 1,000. Ile mia moja yao wanaikata kwenye kila timu unayoongeza, mkeka ukirefuka na wao wanakata mara nyingi zaidi. Na daftari langu, ukitoa ule mwaka wa 2021, ndio linasema hivyo hivyo, hata chini ya hapo.

Kinachonikosesha raha sasa hivi ni kindege. Mpwa wangu anaendesha bodaboda, kijana mzuri, anaheshimu watu, na anacheza kindege akisubiri abiria. Ndege inapaa na namba inapanda, unatakiwa utoe kabla haijapotea, raundi ni sekunde chache. Nilimwambia hata wakikurudishia 97 katika kila 100 ambayo inasikika ni haki kabisa, hela ile ile ukiizungusha raundi 100, 1,000 inabaki kama 48 kwa wastani, na raundi 100 wewe unazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi mkeka wangu unachukua siku mbili kunila. Kuna usiku katikati, kuna kulala, kuna mke wa kumuangalia usoni. Pata potea ya gulioni nayo walau ilibidi jamaa apumzike. Huyu mtoto hana pa kupumzika, kurudisha kwake kunaanza sekunde ile ile aliyopoteza.

Sikumkataza, mimi nina uso gani wa kumkataza. Nilimpa daftari jipya na kalamu nikamwambia andika tu, kushoto iliyotoka, kulia iliyorudi, mwezi mmoja, usinionyeshe kama hutaki. Alirudi baada ya siku tisa. Aliniwekea mezani, hakusema kitu, akawasha pikipiki akaondoka. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa upande wa kushoto. Nimemtafuta tukae tuongee na tunaendelea kuongea, anakuja jioni ananisaidia kufunga, na simu yake anaiacha kwenye droo yangu mpaka asubuhi ya kazi. Hiyo aliomba mwenyewe.

Ovaloki nilinunua nyingine 2021, kwa hela ya kushona, mke wangu alihakikisha hilo.

Na yule mama wa pindo la kanga bado ni mteja wangu. Sijui aliambiwa na nani au alijua mwenyewe siku ile kwenye benchi, sijawahi kumuuliza. Januari ya 2025 alikuja na yule mkubwa, sasa anaingia kidato cha tatu, mrefu kunishinda, nikampima bega, kifua, mkono. Nikamtajia bei. Mama akafungua pindo, akahesabu mbili mbili, akarudia, akasukuma mezani nusu.

"Hizi za kitambaa, fundi," akasema. "Za ufundi ukimaliza."

Amenilipa hivyo kila mwaka tangu 2018.